Kisafisha hewa hakiondoi sumu ya jiko la mkaa

Juni hii shangazi yangu wa Sumbawanga alinitumia tangazo linalozunguka WhatsApp. Kimashine cheupe, kidogo kama chupa ya chai, na maneno makubwa: kinaondoa moshi, vumbi na sumu zote kwa 99.9%. Akauliza: "Mwanangu, nikinunua haka, tunaweza kulala na jiko ndani?"

Swali lake si la mchezo. Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wenyewe karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma kweli. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Basi nimelisoma tangazo lile kama ninavyosoma makala ya kisayansi.

Kwanza, 99.9% ya nini? Halisemi. Kichujio halisi cha HEPA kinatakiwa kunasa angalau 99.97% ya chembe za mikromita 0.3, unywele wako ni mnene kuliko hizo mara 200 hivi. Wengi tunadhani kinafanya kazi kama chekecheo la unga. Hapana. Chembe kubwa hushindwa kukata kona pamoja na hewa, zinagonga nyuzi na kunasa. Zilizo ndogo sana hutangatanga ovyo mpaka ziguse nyuzi. Za katikati, kama hizo za 0.3, ndizo sumbufu, ndiyo maana kipimo hufanywa kwa hizo. Tangazo likiandika "aina ya HEPA" na kuishia hapo, halijasema kitu.

Pili, ukubwa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Ukitaka hewa yake ichujwe mara 5 kwa saa, tafuta mashine inayotoa mita za ujazo 200 za hewa safi kwa saa. Namba hiyo huitwa CADR, na kwenye tangazo haipo. Kimashine cha mita za ujazo 20 kwa saa kingepitisha nusu tu ya hewa ya chumba hicho. Na umeme ukikatika, kinabaki pambo la mezani.

Tatu, tangazo linasifia "ayoni". Mashine za namna hii hulipa vumbi chaji ya umeme, nalo linakwenda kushika ukutani na kwenye pazia. Baadhi hutoa pia ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Ile harufu ya "hewa mpya" isikudanganye.

Lakini kosa kubwa ni hayo maneno "sumu zote". Mkaa ukishakolea haufuki moshi, tunaona uko salama. Kumbe ndipo unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili unakosa hewa huku umelala. Gesi si chembe, kwa hiyo inapita kwenye HEPA kama upepo kwenye wavu. Hata kichujio cha mkaa maalumu, kinachonasa harufu na mvuke wa rangi, hakiizuii. Tangazo la namna hii linaweza kuua mtu aliyeliamini.

Sisemi mashine hizi ni utapeli mtupu. Yenye HEPA halisi na CADR inayotosha chumba humsaidia mwenye pumu, hasa kiangazi vumbi likitimka na mashamba yakichomwa. Ila kwa moshi wa jikoni, dawa ni kuondoa chanzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka 80% ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Shangazi hawezi kusubiri hadi hapo.

Nilimjibu: "Shangazi, hela hiyo nunua blanketi zito. Jiko ota nalo jioni, mlango na dirisha vikiwa wazi. Ukienda kulala, litoe nje, hata kama linaonekana limezimika."