Mgongo Wazi

Mbuta, samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, akivuliwa katika kisiwa cha Takawiri hakawii huko. Boti yenye barafu humvusha hadi bara, lori humfikisha kiwandani, na huko kisu humtenga: minofu kwa soko la ng'ambo, mabaki kando. Mabaki hayo, yaani kichwa, mkia na uti wa mgongo wenye vipande vya nyama, ni sehemu kubwa ya uzito wake. Kisumu huyaita mgongo wazi. Mwanza ni mapanki.

Kinachonivutia ni ufundi wa wanawake wa mtaa wa Obunga, Kisumu, walioyageuza mabaki hayo kuwa kitoweo. Nyama iliyosalia mfupani ni nyembamba na huoza upesi, kwa hiyo huoshwa na kuanikwa mara moja. Jua hupunguza maji. Ndipo karai la mafuta moto linapomkausha samaki sawasawa, akaweza kukaa siku kadhaa bila friji. Hata mafuta ya kukaangia hayahitaji kununuliwa dukani: hupatikana kwa kuyeyusha mafuta ya tumboni mwa mbuta mwenyewe. Taka ikapika taka, mtaa ukala.

Ngozi nayo hutolewa nyama na magamba, ikadabaghiwa, ikawa viatu na mikoba. Bondo, kile kifuko cha hewa, hukaushwa na kusafirishwa China, ambako kilo yake hushinda kwa mbali bei ya minofu.

Hapo ndipo penye mtego. Kitu kikishapata bei huacha kuwa taka, na mwenye mtaji hukifuata. Viwanda vya chakula cha mifugo navyo vinaitaka mifupa ya mgongo wazi vikaisage, na mama mwenye karai moja hawezi kushindana navyo kwenye lango la kiwanda cha minofu. Tena riziki yake imefungwa kwa soko asiloliona: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, shida haikuwa ya wenye viwanda peke yao, kwa maana pasipokatwa minofu hakuna mgongo wa kukaanga.

Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki ya Mwanza kama aibu. Mimi aibu siioni kwenye karai. Naiona kwenye moshi wa kuni ambao mkaangaji huuvuta kutwa, na kwenye samaki wanaoanikwa karibu na vumbi la barabara. Chanja zilizoinuliwa, wavu wa kuzuia nzi, jiko lenye bomba la moshi: fundi yeyote wa mtaani anaweza kuvitengeneza. Kiwanda cha minofu kinachojisifu kwamba hakitupi kitu kingeanzia hapo, na kwa kuwawekea wanawake hawa fungu lao la mifupa kabla lori la kiwanda cha malisho halijapakia.