Heko Wauza Chambo Hai

Mvuvi wa sangara wa Ziwa Victoria husifiwa samaki akishapanda mizani; mimi nampongeza aliyemuuzia chambo. Sangara huvutwa na windo linalotapatapa, hivyo kambale mdogo wa chambo akifia ndooni ni hasara tupu. Kambale ni mstahimilivu, ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu ya maji, lakini vifaranga wake hulana! Ndiyo maana muuzaji makini huwatenga: beseni hili wa kidole, lile wa kiganja. Nimemtazama mama mmoja pale mwaloni. Maji yakianza kutoa povu, anamwaga nusu, anaongeza ya ziwani taratibu, kisha anamtoa aliyelegea kabla hajawaharibia wenzake. Anaomhesabia mvuvi ni walio hai tu. Heko, mama!