Waliosimama Nyuma: Les Wanyika na Sifa Zao

Mpiga gita yeyote anayetafuta riziki kati ya Suneka na Nyansiongo anajua kwamba usiku hauishi bila "Sina Makosa". Huenda ameanza na benga ya Kijaluo, akaingia ya Kigusii, akaonja rumba ya Kongo, lakini saa nne ikifika atatokea mzee mmoja mwenye koti lake, ataomba wimbo huo, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka watauimba neno kwa neno. Ndivyo ilivyo Keroka, mji ambao sehemu yake iko Kaunti ya Kisii na sehemu yake Nyamira, na ndivyo ilivyo Ogembo na Kebirigo. Watu wanaozungumza Ekegusii nyumbani wameuchukua wimbo wa Kiswahili, uliotungwa na Les Wanyika, bendi ya Watanzania waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, wakaufanya wao.

Je, Les Wanyika wanastahili sifa hizi, au tunawasifu kwa sababu redio ilitulea nao? Ukiwauliza watu utajibiwa kwa kumbukumbu: Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya, vipindi vya zilizopendwa, mjomba aliyenunua gramafoni baada ya kulipwa pesa za pareto. Kumbukumbu ni tamu, ila haithibitishi ubora wa kazi. Hata wimbo hafifu hupendwa na mtu kwa sababu ulivuma mwaka aliooa. Mimi naona sifa hizo ni za haki, ila tumezoea kuzipeleka kwa watu wasiostahili fungu kubwa. Ili kuonyesha hilo lazima tuufungue muziki wenyewe, chombo kimoja baada ya kingine.

Tuanze na namna bendi ilivyozaliwa, kwa sababu hapo pana ushahidi ambao wengi huupita. Ndugu Wilson na George Kinyonga walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Wilson alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo, ndiye aliyeonekana. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake waliondoka. Walioondoka ni nani? "Profesa" Omari Shabani, mpiga gita la ridhimu. Tom Malanga, mpiga besi. Rashid Juma, mpiga drams. Yaani hawakuwa nyota wa mbele. Ni safu ya nyuma iliyohama karibu yote kwa pamoja, ikamchukua John Ngereza awe mpiga solo na mwimbaji, na Issa Juma akaongeza sauti yake. Wakajiita Les Wanyika. Miezi michache baadaye "Sina Makosa", utunzi wa Omari, ilikuwa imeenea nchi nzima.

Bendi nyingi zinapopasuka, anayeondoka ni mwimbaji. Anachukua jina lake na mashabiki wake, kisha anatafuta vijana wa kumpigia. Hapa mambo yaligeuka: wapigaji waliondoka na msingi wa nyumba, kisha wakatafuta wa kuimba juu yake. Ukishajua hivyo, hushangai tena kwa nini muziki wa Les Wanyika unasikika jinsi unavyosikika. Ulijengwa kutoka chini.

Sasa chukua "Sina Makosa" yenyewe. Isikilize ukimfuata Malanga peke yake, kana kwamba wengine hawapo. Utagundua kwamba besi haitembei mfululizo. Inapiga noti chache zilizokaribiana, kisha inanyamaza. Pengo hilo ni refu kuliko unavyodhani, na limewekwa mahali pale pale kila mzunguko, hata mwili wako unaanza kulingojea. Mchezaji hukanyaga ndani ya ule ukimya. Wapiga besi wengi wa baa zetu hawawezi kuuvumilia; wanaujaza kwa noti mbili tatu za kupanda na kushuka, na papo hapo wimbo unapoteza mwendo wake ingawa hakuna aliyekosea noti hata moja. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka anajua kwamba kiboko anatokea kwa kile kinachoondolewa, na Malanga alilijua hilo kwenye nyuzi nne.

Rudia, safari hii ukimfuata Omari. Wengi wanaposikia neno ridhimu hufikiria mkono wa kulia unaokwangua nyuzi zote juu chini. Omari hafanyi hivyo. Anazivunja kodi, anazitoa noti moja moja katika kifungu kifupi kinachojirudia, huku nyuzi zikizimwa upesi ili noti isiburure mkia wake na kuifunika inayofuata. Kifungu hicho kinaingia katika nafasi alizoziacha Malanga. Besi ikisema, ridhimu inapunguza. Besi ikinyamaza, ridhimu inabeba. Kwa hiyo ule ukimya niliousema hauachi shimo. Masikio yanapata sauti ya juu iliyo nyepesi wakati ya chini imeondoka, na dansi haikatiki. Rashid Juma naye anakaa mbali, anatunza saa tu. Hakuna mahali anapotaka tumtazame.

Ndipo solo ya Ngereza inaingia, na kwa haki yake ni nzuri: safi, yenye kuimbika, haina haraka. Hata hivyo jaribu kuipiga solo hiyo juu ya mdundo mwingine. Kijana mwenye bidii ataishika kwa majuma machache, maana si ngumu kwa vidole. Akiipeleka jukwaani na bendi inayokwangua na kujaza kila pengo, inageuka kuwa mazoezi ya shule. Uzuri wake unatokana na nafasi aliyotengenezewa. Ngereza alikuwa na hekima ya kuiheshimu nafasi hiyo, na sifa hiyo simnyimi.

Sauti nazo zimepangwa kwa namna hiyo hiyo. Maneno ya wimbo ni ya ugomvi: mwanamume anamwuliza mwenzake sababu ya kumchukia, hali kila mmoja wao ana mke wake nyumbani. Mwimbaji mwingine angeyapigia kelele. Hapa yanaimbwa kwa utulivu, karibu kama mtu anayejieleza mbele ya wazee, na utulivu huo ndio unaotufanya tushuku kwamba ana makosa kidogo. Sauti imekaa chini ya magita mara nyingi, haiyapandi. Nusu ya pili ya kazi ni magita yanayozungumza, na msikilizaji haoni kwamba ameachwa.

Kwa nini muziki huu ulishika mizizi Gusii? Nina maoni yangu, na yanahusu masikio yaliyolelewa na obokano. Obokano ni kinubi kikubwa cha nyuzi nane, chenye bakuli zito la mti lililowambwa ngozi. Kati ya vyombo vya jamii yake nchini Kenya ndicho chenye sauti nzito kuliko vyote. Mpigaji hukaa chini, chombo kikiwa mbele yake, mikono yote miwili ikidonoa kutoka pande mbili. Nyuzi za chini hazisindikizi wimbo. Ndizo zinazouendesha, zikinguruma na kurudi mahali pamoja tena na tena, huku za juu zikijibu na sauti ya mwimbaji ikipita juu yake kama mtu anayesimulia. Mtu aliyekua akisikia hivyo haoni ajabu besi kuwa kiongozi na kifungu kifupi kurudiwa dakika tano bila kuchosha. Simaanishi kwamba Omari na Malanga, watu waliolelewa katika muziki wa dansi wa Tanzania, walijifunza lolote kutoka Kisii. Nasema walipofika hapa kwa njia ya redio na santuri, walikuta masikio yaliyokwisha kufundwa.

Benga ya majirani zetu Wajaluo iliingia kwa mlango mwingine. Pale gita la solo hulikimbiza neno la mwimbaji, huliiga, kisha sauti hukaa kimya na solo hupaa peke yake katika kile kilele ambacho ndicho roho ya benga. Wanamuziki wetu wakubwa, Christopher Monyoncho akiwa miongoni mwao, waliichukua njia hiyo wakaivisha Ekegusii, na matokeo yake ni hazina tusiyoitunza inavyostahili. Lakini kwa kuwa benga humtukuza mpiga solo, imelea vizazi vya vijana wanaotaka solo tu. Les Wanyika wakaimbwa kila mahali, lakini mbinu zao hazikurithiwa. Katika Gusii nzima naweza kukutajia wapiga solo wazuri hadi tuchoke. Nikiulizwa mpiga ridhimu anayejulikana kwa ridhimu, nanyamaza.

Wapo wanaowapunguzia Les Wanyika sifa, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mtindo huu si wao, ni wa Simba Wanyika. Kweli, mshono mwingi ulikwisha kufanywa katika bendi ya akina Kinyonga kabla ya 1978. Ila mshonaji mmoja mkuu alikuwa Omari mwenyewe, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kuiba kitu alichosaidia kukitengeneza. Simba Wanyika nao waliendelea kurekodi kazi nzuri baada ya kuachwa, jambo linaloonyesha ukubwa wa Wilson na George; sifa za bendi moja hazihitaji kuizamisha nyingine.

Hoja ya pili inahusu bahati, na naikubali bila kupinga. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na bendi nzuri sana zilizorekodiwa na redio ya taifa, lakini haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nairobi ilikuwa nacho, na ilikuwa na kampuni za kusambaza. Bendi iliyokaa Nairobi ikiimba Kiswahili ilifika Kisii, Eldoret na Mombasa kwa wiki moja, wakati bendi ya Tanga au Dar es Salaam yenye uwezo ule ule ilisikika pale mawimbi ya redio yalipofika, kisha mkanda ukabaki kabatini. Lugha nayo ilisaidia. Baa ya Keroka hukusanya Wagusii, Wakipsigis wa upande wa Sotik na Wajaluo waliokuja sokoni; wimbo wa Kiswahili haumtengi yeyote. Bahati hiyo inaeleza kwa nini tuliwasikia. Haielezi kwa nini, miaka zaidi ya arobaini baadaye, bado hatujaweza kuwapiga sawasawa.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba walikaa mno ndani ya fomula. Sikiliza "Sina Makosa", "Pamela", "Paulina" na "Amigo" kwa mfululizo. Mapenzi, lawama, nasaha, mwendo unaokaribiana, mpangilio ule ule. Sitadai kwamba kila moja ni lulu. Issa Juma, alipojitenga mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuunda Wanyika yake, alithubutu zaidi: "Sigalame" ina kasi na ukali unaokaribia benga, na kwa mtu wa Gusii ni rahisi zaidi kuichezea. Kwa ujasiri wa kubadilika, namtanguliza Issa Juma. Kwa ustadi wa kupanga vyombo, nabaki na wale watatu waliomtangulia kuhama. Bendi inayokaa ndani ya fomula moja inahukumiwa kwa jinsi ilivyoichimba, na hawa walichimba hadi mwambani.

Tazama sasa tunachowafanyia. Siku hizi harusi nyingi za Kisii na Nyamira hupigiwa na mtu mmoja: gita shingoni, kinanda cha umeme kando kikitoa drams na besi zilizokwisha kupangwa. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Bendi ya watu sita haiwezi kulipwa na familia inayolipia pia hema, viti na chakula. Lakini angalia kinachotokea "Sina Makosa" ikiombwa. Mpigaji anachagua mdundo wa rumba kwenye kinanda. Besi ya mashine inaanza, na mashine hainyamazi: inatembea noti baada ya noti, imejaza kila upenyo. Ridhimu haipo kabisa, kwa kuwa mikono yake miwili iko kwenye solo. Anatupa kile Ngereza alichokifanya, anafuta walichofanya Malanga na Omari, na watu wanainuka kucheza kwa sababu wanakumbuka yaliyoondolewa. Kumbukumbu ndiyo inayompigia besi.

Kuna njia ya nafuu, na nimeisikia ikifanya kazi. Zima besi ya kinanda, acha drams peke yake, kisha umpe mtu wa pili gita asilolipigia solo hata mara moja usiku kucha. Ukikosa mpiga besi, huyo wa pili apige kifungu cha Omari kwenye nyuzi za kati na aguse uzi wa chini pale tu besi ingeingia. Watu wawili wanatosha. Tatizo ni kumpata kijana atakayekubali kusimama nyuma kwa ujira ule ule bila kupigiwa makofi, na hapo ndipo sifa tunazozielekeza kwa mwimbaji na mpiga solo zinapotuletea hasara. Profesa Omari alifariki mwaka 1998, Ngereza akamfuata mwaka 2000. Mshereheshaji wa Nyamira akiutangaza wimbo, jina analolitaja kwanza ni la Ngereza. Aanze kulitaja la Omari, mtunzi na mpiga ridhimu, na kijana aliyeshika gita la pili pale jukwaani alisikie.