Neno "nice" na kibanda cha mabati

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "nice" siku za mwanzo kabisa: chakula kitamu, mtu mwema, siku njema. Kumbe asili yake ni Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Lilipoingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, zaidi ya miaka 700 iliyopita, lilikuwa tusi: mpumbavu. Baadaye likamwelekea mtu anayechaguachagua, kisha likawa sifa ya kitu kinachotaka umakini mkubwa. Maana ya uzuri ilishika karne ya 18. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, mhusika Henry Tilney anamtania msichana kwamba neno hilo linatumika kwa kila kitu.

Tunayajua haya kwa sababu ya watunga kamusi, nami nawaheshimu mno. Mwaka 1879 Mskoti James Murray alikabidhiwa kamusi kuu ya Oxford. Alifanya kazi ndani ya kibanda cha mabati uani kwake, baridi ikimuuma miguu, kuta zimejaa vijisanduku vya vikaratasi. Kila kikaratasi kilibeba neno, mwaka, mwandishi, kitabu, na sentensi ambamo neno lilitumika. Wasomaji wa kujitolea walivileta kwa posta. Watoto wake walivipanga kwa alfabeti wapate hela ya matumizi. Murray hakuamua maana kichwani mwake. Alivitandaza vile vikaratasi mezani, akavisoma kama hakimu asikilizavyo mashahidi, ndipo akaandika.

Na kuandika fasili ni kazi ngumu! Jaribu neno "kiti". Ukitaja miguu minne, kiti cha miguu mitatu kitakuumbua. Ukisema ni kitu cha kukalia, mkeka nao unadai nafasi. Ukiongeza egemeo, basi kigoda umekitoa nje, na benchi lenye egemeo umeliingiza. Fundi hupima hivyo neno baada ya neno, bila jina lake kuonekana kwenye ukurasa.

Ukifungua "nice" katika kamusi ya Oxford, maana zimepangwa kwa umri: upumbavu juu, uzuri chini. Kuitunga kamusi hiyo kulikadiriwa kuchukua miaka 10. Baada ya miaka mitano, sehemu ya kwanza iliyotoka ilikuwa imefika neno "ant", siafu na ndugu zake wote. Murray alifariki mwaka 1915 akiwa kwenye herufi T. Wenzake waliendelea, wakamaliza mwaka 1928.