Neno «kutafakari» na matumizi yake

Neno hili twalisikia kila mara: katika mafungo, katika Njia ya Msalaba, mbele ya kila fumbo la Rozari. Mwalimu asema: «Tutafakari.» Watu wanyamaza kidogo, kisha mwalimu aendelea. Twauliza: katika kimya kile wakristu wamefanya nini?

Tupambanue kwanza maneno matatu. Kufikiri na kutafakari ni ndugu. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Kufikiri ni kazi yo yote ya akili: mtu afikiri bei ya mihogo, afikiri njia ya kupita. Kutafakari ni kukaa na jambo moja, kuligeuza, kulirudia, hata limguse mtu mwenyewe. La tatu ni kuwaza, neno la nyumbani kwetu. Lakini mama asemapo «niko na mawazo mingi», hasemi habari za sala. Asema ana mashaka: mtoto mgonjwa, feza za masomo. Basi mwalimu akifasiria «tutafakari» kwa «tuwaze» tu, awaacha watu peke yao pamoja na mashaka yao.

Maandiko Matakatifu yatufundisha vema. Katika Zaburi ya kwanza, mwenye haki atafakari sheria ya Bwana. Neno la Kiebrania la pale, haga, ni neno la koo na mdomo. Isaya alitumia lilo hilo kwa simba angurumaye juu ya windo lake (31,4), na kwa njiwa aliaye (38,14). Kwa hiyo kutafakari kule ni kulitamka Neno kwa sauti ndogo na kulirudia. Naye Luka, akisimulia habari za Bikira Maria kiisha wachungaji kusema yao (2,19), atumia neno la Kigiriki lenye maana ya kuweka mambo pamoja na kuyalinganisha.

Hapo ndipo penye dawa. Mawazo ya mama yule si adui ya sala. Yakiwekwa pamoja na neno la Enjili, yatakuwa tafakari. Yakiachwa yenyewe, yatabaki mashaka.

Desturi moja hatuisifu: kuita mahubiri «tafakari». Padri aweza kuhubiri kwa ajili ya watu wote. Kutafakari kwa ajili yao hawezi. Na juu ya Rozari, Papa Paulo VI alionya mwaka 1974, katika Marialis Cultus, kwamba pasipo kutafakari imekuwa mwili usio na roho.

Basi, walimu na waseminari, kabla ya kusema «tutafakari», tuwape watu neno moja fupi la Enjili. Tulitamke mara mbili, polepole. Kisha tunyamaze kweli, walau muda wa Baba Yetu tatu, wala tusiogope kimya hicho.