Giza la Krismasi limejificha kwenye nota t

Mwaka 2015 kundi la Midnight Syndicate kutoka Ohio, Marekani, lilitoa albamu ya Krismasi iitwayo Christmas: A Ghostly Gathering. Ni muziki wa ala wa mtindo wa kigothi, wenye giza la makanisa ya kale ya mawe na majumba yenye mizimu. Mpiga kinanda wa kwaya ya Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, anaweza kuupata mlio huo katika Desemba yetu ya jua kali. Asianze kwa kutafuta milio ya kutisha, aanze na sol-fa, yaani nota zinazoandikwa d, r, m, f, s, l, t.

Mfano wangu ni wimbo wa kwaya Shchedryk wa Mykola Leontovych wa Ukraine, ulioimbwa mara ya kwanza Kyiv mwaka 1916. Nota nne tu ndizo zinazoubeba wimbo mzima: d, t, d, l, katika mapigo matatu. Zinarudiwa bila kupumzika huku sauti za chini zikiteremka l, s, f, m. Juu hakuna kinachobadilika ilhali chini kila kitu kinadidimia, na msikilizaji anapata wasiwasi kabla hajajua sababu. Kati ya d na t pana nusu hatua tu. Mbano huo mdogo ndio unaotia giza. Ukiuondoa, wimbo unakuwa wa kubembelezea mtoto.

Kutoka d hadi l kuna hatua moja na nusu. Kengele kubwa ya kanisa la Ulaya, ikigongwa mara moja, ndani ya mlio wake huwa na nota nyingine iliyo juu ya ile kuu kwa umbali huohuo. Wimbo wa asili ulimhusu mbayuwayu anayeleta heri ya mwaka mpya. Peter Wilhousky aliusikia kama kengele, akauandikia maneno ya Kiingereza mwaka 1936, ukawa Carol of the Bells. Naamini sikio lake halikukosea.

Huku kwetu, Wateso wa upande wa Malaba na Amukura wana kinubi chao, adeudeu: sanduku la mbao lililowambwa ngozi, shingo iliyopinda, na nyuzi zinazopigwa kwa vidole. Skeli yake ni ya nota tano: d, r, m, s, l. Zinazokosekana ni f na t, na t ndiyo yenye giza lote! Mwanamuziki mwenye haraka atakaza uzi mmoja ili aipate. Mimi napinga. Ukiugusa uzi huo unavuruga mpangilio wa vidole ambao mpigaji ameuzoea miaka yote, na adeudeu inabaki kuwa gitaa dhaifu.

Afadhali kazi igawanywe. Nota nne za juu zipigwe na kinanda kwa sauti ya selesta, ala ambayo Tchaikovsky aliitumia kwenye The Nutcracker mwaka 1892 na ambayo vinanda vingi vya umeme vinayo. Mkono wa kushoto uteremke l, s, f, m taratibu. Adeudeu ishike l na m peke yake, bila d katikati, kwa sababu d ndiyo inayomwambia msikilizaji kama wimbo una huzuni au furaha. Hiyo tayari inapigwa juu na kinanda. Sauti ya uzi hufifia upesi, kwa hiyo mpigaji airudie kila pigo la kwanza, na kila mzunguko wa pili aache pigo moja tupu.

Linabaki suala la mwangwi. Kanisa la mawe lenye dari refu huurefusha mlio kwa sekunde kadhaa. Kanisa la mabati huurudisha haraka na kwa ukali, na mvua ikinyesha halisikiki lolote. Basi mwangwi uongezwe kwenye kinanda pekee. Adeudeu iwekewe maikrofoni karibu na ngozi na iachwe kavu, ili isikike iko chumbani na msikilizaji wakati kengele zinalia mbali.