Fishie haisemi vituo vyake viko wapi

Listi yetu ya michango, iliyo katika fishie ya maandishi matupu, karibu ituletee matata. Kwangu, Tab inaruka kila herufi 8. Kwa mweka hazina, kila 4. Kichwa «Jina» kilikuwa na Tab tatu. Dada mmoja, jina lake lina herufi 22, pesa yake ya Januari ikahamia chini ya Februari. Akaitwa mdeni! Kumbe fishie haikubadilika hata nukta.

Kwenye mashini ya kuandikia, mtu alipanga vituo mwenyewe na karatasi ikabaki vile. Fishie inachunga alama ya kuruka tu, haisemi kufika wapi.

Vim inajaribu kuponya hiyo: unaandika mwishoni «vim: ts=8», yenyewe inasoma na kutii. Mimi naisifu nusu. Kwa kawaida inaangalia mistari 5 ya kwanza na 5 ya mwisho. Ukiongeza majina chini ya agizo, linazama katikati. Notepad inaliona kama maneno tu. Tena mwaka 2019 ilijulikana kwamba mstari kama ule uliweza kuamuru mashini itende mambo mengine kabisa, ndiyo maana kuna wanaoufunga.

Juu ya feza, hapana. Listi ya mwezi huu nimeipanga kwa nafasi tu, hata kama kidole kinaniuma.